Mganga Hajigangi: Kwa Nini Wahudumu wa Afya Husita Kuchanja Tena

Tarehe 17 Februari 2021, katika Hospitali ya Wilaya ya Khayelitsha jijini Cape Town, Afrika Kusini ilianza kuwachanja wahudumu wake wa afya dhidi ya korona. Rais Cyril Ramaphosa naye alichanjwa siku hiyo hiyo, hospitalini hapo hapo. Chanjo iliyotumika, Janssen ya kampuni ya Johnson & Johnson, ilikuwa bado haijapata kibali cha matumizi ya kawaida nchini humo, kwa hiyo ilitolewa chini ya utafiti ulioitwa Sisonke. Kila aliyechanjwa alijiandikisha kwa hiari yake na kutia saini kwamba ameridhia. Pamoja na hayo, kufikia katikati ya Mei watu zaidi ya 477,000 wanaofanya kazi katika sekta ya afya walikuwa wamenyoosha mkono. Novemba ya mwaka huo huo mlango ulifunguliwa tena kwa watu wale wale, safari hii kwa dozi ya nyongeza ya chanjo ile ile. Waliorudi walikuwa zaidi ya 230,000, yaani karibu nusu yao. Wapo waliopata nyongeza kwa njia nyingine, na wapo walioahirisha kwa sababu walikuwa wametoka kuugua, lakini hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa.

Pengo hilo linatikisa maelezo tuliyoyazoea. Mkulima au muuza duka akikataa chanjo, haraka tunasema hajaelimishwa. Lakini hawa wa Sisonke ni watu waliosomea namna magonjwa yanavyoenea, waliowaona wagonjwa wakikata roho kwa kukosa pumzi, na ambao miezi tisa kabla walikuwa wamekubali chanjo wakati majirani zao wengi wakiiogopa. Elimu yao haikufutika kati ya Februari na Novemba. Kuna kitu kingine kilichobadilika, na kukijua ni jambo linalotuhusu sote, maana huyo anayesita leo ndiye tunayempelekea mtoto kesho. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mhudumu wa afya anaposita kuchanja tena, mara nyingi sababu haiko kichwani mwake bali mahali pake pa kazi: jinsi chanjo inavyomfikia, ukweli anaoambiwa kuhusu faida na mipaka yake, na uhakika alio nao kwamba akidhurika hatatupwa. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Anayeshinda akiwatunza wengine lazima awe na wa kumtunza, na mtu huyo ni mwajiri wake.

Kwanza tuelewe dozi ya nyongeza hufanya kazi gani. Chanjo huuonyesha mwili kipande cha kirusi, au mfano wake, ili mfumo wa kinga ujifunze kukitambua. Mwili hujibu kwa njia mbili. Hutengeneza kingamwili, ambazo huzunguka katika damu na kukikabili kirusi mapema kabla hakijashika mizizi. Hizi hupungua kadiri miezi inavyopita. Pia hubakiza chembe za kumbukumbu, ambazo hutulia kwa muda mrefu na kuamka kirusi kinapojitokeza tena. Dozi ya nyongeza hupandisha kingamwili zilizoshuka na kuzinoa chembe za kumbukumbu. Si kila chanjo huihitaji. Kinga ya pepopunda hufifia, ndiyo maana wanawake wa umri wa kuzaa hupewa mfululizo wa dozi kadhaa, si moja. Virusi vya mafua hubadilika kila mara, ndiyo maana chanjo yake hurudiwa kila mwaka katika nchi zinazoitumia. Korona ina matatizo yote mawili: kingamwili hushuka ndani ya miezi michache, na kirusi chenyewe hujibadilisha. Aina mpya ya kirusi hicho, Omicron, ilitangazwa mwishoni mwa Novemba 2021, wiki chache tu baada ya Sisonke kuanza kutoa nyongeza.

Kwa mhudumu wa afya jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu tatu. Ya kwanza ni usalama wake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya waliokufa kwa korona duniani walikuwa kati ya 80,000 na 180,000. Ya pili ni usalama wa wagonjwa, kwa kuwa yeye hutoka kitanda hiki kwenda kile, na walio vitandani ndio wenye kinga dhaifu kuliko watu wote. Ya tatu ni neno lake. Mama mjamzito anayetaka kujua kama achanje hasomi ripoti za watafiti, bali humuuliza nesi wa kliniki, na swali linalofuata karibu kila mara ni hili: wewe mwenyewe umechanja? Jibu la kusitasita hapo hubomoa kampeni nzima ya redio na mabango. Kwa bara letu jibu hilo lilikuwa gumu kwa muda mrefu, kwani mwishoni mwa Novemba 2021 WHO ilieleza kwamba ni asilimia 27 tu ya wahudumu wa afya barani Afrika waliokuwa wamekamilisha chanjo ya korona, hata kabla ya kufika kwenye nyongeza.

Maelezo mepesi ya hali hii ni uvumi, na uvumi ulikuwapo kweli. Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona tangu Mei 2020, na Januari 2021 rais wa wakati huo alitilia shaka chanjo hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu mbele ya taifa na kuzindua kampeni, na wahudumu wa afya wakawekwa katika kundi la kwanza. Nchini Kenya, mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki, mwenyewe akiwa daktari, alizipinga chanjo za korona waziwazi hadi alipofariki Aprili 2021 baada ya kuugua ugonjwa huo huo. Muuguzi wa zahanati aliyapokea yote hayo kama raia mwingine yeyote. Lakini kuna jambo la kuzingatia hapa. Aliyeambiwa mwezi wa kwanza kwamba hakuna haja, kisha mwezi wa saba akatakiwa awe mfano kwa wengine, hapungukiwi na elimu kwa kuuliza kilichobadilika. Anafanya kile alichofundishwa chuoni, yaani kudai ushahidi kabla ya kutoa dawa.

Tena, uvumi peke yake haujibu swali, na ushahidi wa hilo tunaupata katika ugonjwa ambao haukuwahi kupigiwa kelele majukwaani kama korona, yaani homa ya ini aina ya B. Kirusi chake hudumu kwenye meza au chombo kwa siku zisizopungua 7. Muuguzi ambaye hajachanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye kirusi hicho kwa wingi, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa Virusi vya UKIMWI uwezekano huo ni takriban asilimia 0.3. Chanjo ipo tangu miaka ya 1980 na hutolewa kwa dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu katika mwezi wa sita. Ikikamilika hulinda zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wenye afya. Tanzania iliingiza chanjo hiyo kwa watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo wauguzi na madaktari waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali za Afrika, ulikadiria kwamba ni takriban robo tu ya wahudumu wa afya waliokuwa wamekamilisha dozi zote tatu.

Hapa huwezi kumlaumu mhubiri wala mtandao wa WhatsApp. Wahudumu wanaijua homa ya ini, wanaiogopa, na wamewauguza watu waliovimba matumbo kwa saratani ya ini. Kinachowaangusha ni mambo madogo ya kila siku. Dozi ya kwanza ilitolewa siku ya maadhimisho, wageni rasmi wakapiga picha wakaondoka. Ya pili ilikuta chanjo imekwisha jokofuni. Mwezi wa sita ulipofika, muuguzi alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, kadi imebaki kwenye droo ya kituo cha zamani, na kituo kipya kinamwambia ajinunulie mwenyewe. Mtu wa namna hii anahesabiwa katika takwimu kuwa hakukamilisha, na msomaji wa mbali anadhani alikataa. Tukichanganya aliyekataa na aliyekosa, tutaendelea kuandaa semina za uhamasishaji kwa mtu aliyehamasika siku nyingi na ambaye shida yake ni dozi moja tu.

Ushahidi mwingine unatoka Marekani, mahali ambapo upatikanaji si tatizo. Takwimu za kituo cha taifa hilo cha kudhibiti magonjwa, CDC, zilionyesha kwamba katika msimu wa 2023 hadi 2024 asilimia 81 hivi ya wafanyakazi wa hospitali za kulaza wagonjwa walichanjwa dhidi ya mafua. Chanjo ya korona ya msimu huo huo, katika hospitali za aina hiyo hiyo, ilifika asilimia 15 tu. Wafanyakazi ni wale wale, na elimu yao ni ile ile. Ni kweli siasa za nchi hiyo na uchovu wa miaka mitatu ya janga vilichangia. Lakini chanjo ya mafua imekuwa sehemu ya ratiba ya kazi kwa miaka mingi: hospitali huileta wodini bila malipo, hurekodi nani amechanjwa, na nyingi huifanya sharti la ajira. Chanjo ya korona haikupata nafasi hiyo, na sharti la serikali kuu kwa wahudumu wa afya liliondolewa mwaka 2023. Mkono ule ule unaokubali sindano moja na kuikwepa nyingine unatuonyesha kwamba kukubali chanjo si tabia ya kudumu ya mtu, bali hujengwa au hubomolewa na utaratibu wa mahali alipo.

Basi utaratibu mzuri ukoje? Tuanze na ukaribu. Kichupa cha Janssen, chanjo iliyoanza kutumika Tanzania, kilikuwa na dozi 5, na kikishatobolewa hakikutakiwa kukaa zaidi ya saa 6. Mchanjaji anayejua atadaiwa hesabu ya kila dozi iliyomwagwa hapendi kukifungua kwa ajili ya mtu mmoja. Muuguzi anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, anakuta chumba cha chanjo bado kimefungwa. Akisubiri hadi kifunguliwe, anaambiwa wafike watano kwanza. Ana watoto wa kupeleka shule, hajalala, na daladala zinajaa. Anaondoka, na hakuna aliyemkatalia wala aliyekataa. Dawa yake haihitaji mkutano wa kimataifa: mchanjaji apite wodini na kisanduku chake cha baridi wakati wa kupokezana zamu, ambapo waliotoka na walioingia wako pamoja, na kichupa kitaisha ndani ya nusu saa. Tanzania yenyewe ilijifunza hivyo kwa umma. Mwanzoni mwa 2022 waliokuwa wamekamilisha chanjo ya korona hawakufika mtu mmoja kati ya kumi. Chanjo ilipotoka kliniki na kupelekwa sokoni, kwenye ibada na nyumba kwa nyumba, kufikia katikati ya 2023 walikuwa karibu nusu ya watu wote.

La pili ni ukweli, na hapa ndipo pingamizi la kwanza la wahudumu linapokaa. Wengi husema: nilichanja dozi zote na bado nikaugua korona, hiyo nyongeza ni ya nini? Hili si swali la mjinga. Hospitali ya Sheba nchini Israel iliwapa wahudumu wake dozi ya nne na kuwafuatilia wakati wa Omicron, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba uwezo wake wa kuzuia maambukizi ulikuwa mdogo, asilimia 30 kwa chanjo ya Pfizer na 11 kwa ya Moderna. Aliyewaambia wauguzi kwamba nyongeza itazuia maambukizi aliwaahidi kisichowezekana, na walipougua waliihesabu chanjo nzima kuwa uongo. Lakini tazama upande wa pili. Katika nyongeza ya Sisonke, wakati huo huo wa Omicron, kinga dhidi ya kulazwa hospitalini ilikuwa asilimia 63 katika wiki mbili za mwanzo, ikapanda hadi 84, kisha 85 kati ya mwezi wa kwanza na wa pili. Ujumbe wa kweli kwa mhudumu ulipaswa kuwa huu: dozi hii huenda isikuzuie kupata mafua ya korona, ila itapunguza sana uwezekano wa wewe kulala kwenye kitanda unachokitandika. Ahadi hiyo ni ndogo, lakini inatimizika.

Pingamizi la pili linafanana na hilo: nimeshaugua, nina kinga ya asili. Nalo lina ukweli ndani yake, kwani aliyeugua hupata kinga, na kujifanya kwamba hana kulipoteza imani ya wengi. WHO yenyewe ilirekebisha ushauri wake kadiri hali ilivyobadilika. Machi 2023 ilitenga makundi na kuwaweka wahudumu wa mstari wa mbele katika kundi la kipaumbele cha juu, lililoshauriwa dozi ya ziada miezi 6 au 12 baada ya ile ya mwisho, huku vijana na watu wazima wenye afya njema wakiwekwa nyuma yao. Maana yake ni kwamba mhudumu haambiwi kuwa mwili wake ni dhaifu kuliko wa jirani. Anaambiwa kwamba kazi yake inamrudisha mbele ya kirusi mara nyingi zaidi, na kwamba wanaomtegemea wana mengi zaidi ya kupoteza. Mtu mzima aliyesoma anastahili kuelezwa hivyo, kwa sababu zake, si kwa amri ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Lipo pingamizi la tatu, linalosemwa kwa sauti ya chini vyumbani mwa chai: nyongeza ni biashara, kampuni za dawa zitaendelea kutudunga maadamu kuna fedha. Kampuni hizo zilipata faida kubwa, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini kama sayansi ya chanjo ingeongozwa na mauzo tu, chanjo ya homa ya manjano isingekuwa ilivyo leo. Kwa miongo mingi msafiri alitakiwa kuirudia kila baada ya miaka 10, na kadi yake ya njano ilikwisha muda kama leseni. Mwaka 2013 wataalamu wa WHO walipitia ushahidi wakaona dozi moja humlinda mtu maisha yake yote, na kuanzia Julai 2016 kadi hiyo ikawa halali kwa maisha ya mwenye nayo. Nyongeza ilifutwa kwa sababu ushahidi uliikataa. Vivyo hivyo, mtu mzima mwenye afya aliyekamilisha dozi 3 za homa ya ini B na mwili wake ukaitikia vizuri hahitaji nyongeza. Mamlaka inayojua kusema hapana panapostahili ina haki ya kusikilizwa inaposema ndiyo, na mafunzo ya wahudumu yangefaidika sana kama yangeeleza yote mawili.

La tatu katika utaratibu mzuri ni dhamana. Chanjo huwa na maudhi yake: mkono kuuma, homa, uchovu wa siku moja au mbili. Kwa mfanyakazi wa ofisi hayo ni madogo. Kwa muuguzi aliye peke yake na wagonjwa thelathini, kuchanjwa leo ni kumwachia mwenzake mzigo kesho, na kwa anayejitolea au aliye kwenye mkataba wa muda, siku asiyofika ni siku asiyolipwa. Madhara makubwa ni nadra, lakini hayapaswi kufichwa. Aprili 2021 Marekani ilisimamisha Janssen kwa muda baada ya kuona watu 6 wenye aina ya nadra ya kuganda kwa damu kati ya dozi takriban milioni 6.8. Mhudumu anayesoma habari hiyo haogopi tu namba. Anajiuliza ni nani atakayeilea familia yake ikiwa yeye ndiye huyo mmoja. Jibu lilikuwapo. Mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona, COVAX, uliweka utaratibu wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, ambao haukumtaka mtu athibitishe kosa la yeyote mahakamani, na nchi za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa hizo. Habari kama hiyo ilistahili kusomwa katika kila kikao cha wafanyakazi na kubandikwa karibu na daftari la mahudhurio. Anayejua kuna mkono wa kumdaka hujitosa kwa ujasiri.

Atakuja mtu aseme: haya yote ni kubembeleza, huyu ana kiapo na mshahara, alazimishwe. Hoja hii ina nguvu, na takwimu za mafua za Marekani zinaonyesha kwamba masharti ya ajira hupandisha idadi. Lakini tuangalie pia yaliyotokea Uingereza. Kuanzia tarehe 11 Novemba 2021 wafanyakazi wa nyumba za kutunzia wazee walitakiwa wawe wamechanjwa korona ili wabaki kazini, na sharti kama hilo lilipangwa kwa wahudumu wengine wa afya kuanzia Aprili 2022. Mwishoni mwa Januari 2022 serikali ilitangaza kurudi nyuma, huku kukiwa na hofu ya kupoteza wafanyakazi wengi kwa mpigo, na Machi 2022 sharti likafutwa. Nchini Kenya, Desemba 2021, Mahakama Kuu ilisimamisha mpango wa kuwanyima huduma za serikali watu wasiochanjwa. Katika nchi zetu, ambako wilaya nzima inaweza kuwa na madaktari wa kuhesabika kwa vidole, kumfukuza mmoja kwa ajili ya sindano ni kuwaadhibu wagonjwa wake. Naona njia ya haki ni kupima sharti kwa faida. Chanjo ya homa ya ini B, ambayo kinga yake ni ya muda mrefu na hatari ya ugonjwa wenyewe imo kwenye kila sindano, inafaa kuwa sharti la kuanza kazi wodini, mradi mwajiri ailipie na kuifuatilia hadi dozi ya tatu. Nyongeza za korona, ambazo faida yake hudumu miezi, zipelekwe kwa ushawishi, ukaribu na maelezo.

Wengine watasema korona imepita, mjadala huu umechelewa. WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023, ni kweli. Lakini maradhi yanayowalenga wahudumu hayajapita. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani Kagera, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Mwishoni mwa Septemba 2024 ulizuka Rwanda, ukathibitishwa kwa watu 66 na kuua 15. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa hospitali za Kigali. Ndani ya siku kumi hivi nchi hiyo ilianza kutoa chanjo ya majaribio kutoka Taasisi ya Chanjo ya Sabin, na takriban watu 1,700, hasa wahudumu wa afya, waliipokea. Ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba inazuia ugonjwa, na walielezwa hivyo. Hatari ilionekana, chanjo ililetwa walipo, na ukweli ulisemwa bila kupakwa rangi. Mlipuko ujao utatukuta na wahudumu hao hao, na imani watakayokuwa nayo siku hiyo inajengwa sasa, kwa namna tunavyoshughulikia dozi za kawaida zisizo na kamera.

Kusema hivi si kumwondolea mhudumu wajibu wake. Aliyepewa maelezo ya kweli, akaletewa chanjo mkononi, akahakikishiwa mapumziko na fidia, kisha akakataa bila sababu ya kitabibu, anadaiwa jibu na wagonjwa wake, na ni haki kumuuliza. Kosa letu limekuwa kuanza na swali hilo kabla ya kutimiza yaliyo upande wetu.

Kwa hiyo nawaomba waganga wafawidhi na makatibu wa afya wafanye mambo manne mwaka huu. Fungueni daftari la chanjo za wafanyakazi, kuanzia mfagizi na mfua mashuka hadi daktari bingwa, na rekodi imfuate mtu anapohamishwa. Tengeni bajeti ya dozi zote 3 za homa ya ini B, si ya kwanza tu. Pelekeni chanjo wodini wakati wa kupokezana zamu. Mpeni aliyechanjwa siku ya mapumziko yenye malipo akihitaji. Nawe mhudumu, itafute kadi yako leo. Kama imebaki na dozi moja, idai kama unavyodai mshahara, kwa sababu ni haki yako. Na sisi wagonjwa, tunapomwuliza nesi kama amechanja, tumwulize pia mwajiri wake kama alimpa nafasi ya kuchanja.